Nyama ya Korintho: Kukwaza si Kuudhi

Katika makanisa yetu neno "kukwazika" limekuwa jepesi. Mwanakwaya amehamishiwa safu ya nyuma, amekwazika. Mchungaji amepita bila kumsalimia mama mmoja, mama amekwazika, na hii ni Jumapili ya pili haonekani. Mzee wa kanisa amemwona binti kwenye kesha la Ijumaa amevaa suruali, naye anasimama kikaoni kusema amekwazwa sana. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo kwa miaka, na nimeona jinsi neno hili linavyofunga mjadala. Mtu akishasema amekwazwa, hakuna anayethubutu kumuuliza amekwazwa vipi.

Naomba tuulize. Na pa kuulizia ni palepale fundisho lenyewe lilipozaliwa, kwenye kisa cha nyama ya Korintho, nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, kinachochukua sura ya 8, ya 9 na ya 10 za Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho. Wengi wetu tumeuchukua mstari mmoja wa mwisho wa sura ya 8, ule ambao Mtume anasema yuko radhi asile nyama milele, tukaliacha shauri lote lililomfikisha hapo.

Tuanze na mji. Korintho ilikaa kwenye shingo nyembamba ya nchi kavu kati ya bahari mbili, bandari yake moja ikiwa Lekayo upande wa magharibi na nyingine Kenkrea upande wa mashariki. Warumi waliubomoa mji huo mwaka 146 K.K., na Julius Caesar akaamuru ujengwe upya mwaka 44 K.K. Wengi wa waliopelekwa kuujaza walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa basi mji wa watu wanaopanda ngazi. Mtu hakuwa na ukoo mkubwa wa kujivunia, hivyo alijijengea jina kwa fedha, kwa urafiki na wenye nafasi, na kwa kuonekana mahali panapostahili. Paulo alifika huko yapata mwaka 50 B.K., akakaa mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Miaka michache baadaye, akiwa Efeso ng'ambo ya bahari, alipokea barua ya maswali kutoka kwa waumini aliowaacha. Mojawapo ya maswali hayo lilihusu nyama.

Mtu wa kawaida wa Korintho hakula nyama kila siku. Chakula chake kilikuwa mkate, uji wa shayiri, dengu, zeituni na samaki kidogo. Nyama ilikuja na sikukuu, na sikukuu ilikuwa ya miungu. Mnyama akichinjwa hekaluni, sehemu iliteketezwa madhabahuni, sehemu ilikuwa haki ya makuhani, nyingine ililiwa na waalikwa, na iliyobaki iliweza kupelekwa sokoni kuuzwa kama nyama yoyote. Wanaakiolojia wa Marekani, walioanza kuchimba Korintho mwaka 1896, walikuta kwenye eneo la hekalu la Asklepio, mungu wa uponyaji, vyumba vitatu vya kulia, kila kimoja na nafasi ya vitanda kumi na kimoja vya kuegemea wakati wa chakula. Aliyepona ugonjwa alikuwa na sababu ya kualika ndugu na marafiki mahali kama hapo.

Kutoka Oxyrhynchus, Misri, zimebaki kadi za mialiko hiyo zilizoandikwa kwenye mafunjo. Moja, ya karne ya pili, ni ya mtu aitwaye Chaeremon anayemwalika mwenzake kula kwenye meza ya bwana Sarapi, mungu aliyeabudiwa Misri, hekaluni, kesho tarehe 15, kuanzia saa tisa. Ni saa tisa hiihii yetu ya alasiri, maana wao nao walihesabu saa tangu kuchomoza jua. Ukiisoma kadi hiyo unasikia mwaliko wa jirani yako. Haina kitisho, haina uchawi. Ni ada na ujirani, na kukataa ni kuvunja urafiki. Kwa mwenye kazi ya kutafuta, huenda ni kuvunja na biashara.

Sasa mweke hapo mkristo. Paulo anamweka waziwazi: ni mtu "mwenye ujuzi", ameketi chakulani ndani ya hekalu la sanamu, na mwenzake anamwona. Hicho ndicho kisa. Watu wawili na meza moja.

Yule aliyeketi tunaweza kusikia hoja zake, kwa sababu Paulo anazirudia. Sote tuna ujuzi. Sanamu si kitu. Hakuna Mungu ila mmoja. Vitu vyote ni halali. Angalia jambo ambalo mimi lilinichukua muda kuliona: hoja ya pili na ya tatu Paulo hazipingi hata kidogo. Sanamu kweli si kitu. Mungu kweli ni mmoja. Mtu huyu amehitimu katekisimu, tena kwa alama nzuri. Kikwazo cha Korintho hakikutoka kwenye uzushi. Kilitoka kwenye fundisho sahihi lililoshikwa na mtu asiyegeuza shingo kuona nani yuko nyuma yake. Ndiyo maana jibu la Mtume linaanzia pale: "Ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga."

Na yule mwingine? Paulo anasema dhamiri yake ni dhaifu, na sisi haraka tunamdhania kuwa mtu wa masharti mengi, mkali, anayelinda mila. Sivyo anavyoelezwa katika sura ya 8. Ni mtu aliyeizoea sanamu. Mwaka juzi alikuwa anaisujudia. Mama yake aliwahi kumbeba mgonjwa hadi kwenye lile hekalu, na alipopona wakachinja. Kichwani mwake nyama ile haibebi neno "si kitu". Ina harufu ya maombi yake ya zamani. Kristo amempokea kwa kweli, lakini moyo hauhami nyumba kwa siku moja, na mizigo mingine huletwa nyuma polepole.

Na ushirika ule ulikuwa na tofauti za mifuko. Paulo mwenyewe anawaambia kwamba wenye cheo miongoni mwao hawakuwa wengi, na katika sura ya 11 anawakemea kwa sababu kwenye chakula cha Bwana mmoja anabaki na njaa huku mwingine amelewa. Waliokuwa na mialiko ya kwenda kuegemea vitanda vile kumi na kimoja hawakuwa wapagazi wa Kenkrea. Kwa hiyo anayetazama mlangoni, mara nyingi, anamtazama mtu aliye juu yake: mwenye nyumba inayokutanisha kanisa, mwenye elimu, mwenye sauti. Mtu wa kuigwa.

Hapo ndipo kukwaza kunapotokea, na naomba tusome polepole. Paulo hasemi kwamba yule dhaifu atamwona mwenzake akila, kisha atakasirika, au atasikitika, au atakwenda kumshitaki kwa wazee. Anasema ataona, na yeye atakula. Atatiwa moyo kula. Katika Kigiriki kitenzi alichotumia ni kilekile cha "kujenga" alichokitumia kwa upendo mistari michache juu, yaani dhamiri ya mtu huyu "itajengwa" kufanya jambo ambalo yenyewe inaliita dhambi. Ni ujenzi wa kumwangusha mtu. Ataingia chumba kile akisema moyoni, kama mzee wetu anakaa hapa, basi na mimi nikae. Lakini ujuzi wa mzee hauingii naye. Anaingia na mazoea yake tu, na mazoea yanamrudisha kwa Asklepio. Na neno la Paulo kwa matokeo hayo ni kupotea: "ndugu ambaye kwa ajili yake Kristo alikufa", huyo anapotea kwa sababu ya ujuzi wako.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili kuliko tunavyolitumia. Kikwazo ni cha kujikwaa. Waswahili husema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, na kila aliyetembea njia ya mawe usiku anajua maana yake: unaanguka, unaumia, pengine husimami tena bila kushikwa mkono. Anayeudhika hajaanguka. Amesimama wima, na mara nyingine amesimama wima kuliko wote. Basi swali la kumuuliza anayesema amekwazwa ni moja: kwa kuona hili, umevutwa kutenda nini kinyume cha dhamiri yako? Imani yako imeanguka wapi? Kama jibu ni "hapana, sijavutwa, ila sikupenda", basi hilo ni shauri jingine. Linaweza kuwa shauri la adabu, la heshima, la utaratibu wa ibada, na linastahili kusikilizwa kwa jina lake. Lisiazimwe jina la kaka wa Korintho aliyekuwa anapotea.

Nirudi kwa yule mzee na binti wa suruali. Mzee hayumo hatarini kumfuata binti popote. Ana cheo, ana sauti kikaoni, ana miaka thelathini ya imani. Aliye karibu na kuanguka pale ni binti, aliyekuja kwenye kesha usiku, akaomba, kisha asubuhi akasikia amejadiliwa. Bwana Yesu, katika Mathayo 18, aliposema habari ya jiwe la kusagia kufungwa shingoni, alikuwa anawasemea "wadogo hawa". Tumeigeuza sheria ile ikawalinda wakubwa dhidi ya wadogo. Hili linaniuma, kwa kuwa nimeona vijana wakiondoka.

Kwani hata Injili zenyewe zinatenganisha. Katika Mathayo 15 wanafunzi wanamjia Yesu kumwambia kwamba Mafarisayo wameudhiwa na maneno yake, na kitenzi cha Kigiriki pale ni cha familia hiyohiyo ya kukwaza. Anajibu: waacheni. Lakini sura mbili mbele, kwenye kodi ya hekalu, anasema yeye na Petro hawadaiwi, ila walipe wasije wakawakwaza watu, na Petro anatumwa baharini na ndoana. Paulo naye alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile, na kwa Tito akakataa kabisa, kwa sababu pale waliotaka tohara hawakuwa dhaifu wanaoyumba. Walikuwa watu waliopenyezwa kupeleleza uhuru wa wenzao, na asema hakuwapa nafasi hata saa moja. Alitazama ni nani anaomba, na anaomba kwa nini.

Sura ya 9 wasomaji wengi huiruka, wakidhani Mtume ametoka nje ya mada na kuanza kuzungumzia posho. Hajatoka. Anawaonyesha haki aliyokuwa nayo na hakuitumia. Mtume alistahili kula kwa kazi ya Injili, na anatetea haki hiyo kwa nguvu: askari haendi vitani kwa gharama yake, mpanda mzabibu hula matunda yake, ng'ombe apurapo nafaka hafungwi kinywa. Anamaliza kujenga hoja isiyojibika kwamba anastahili kulipwa, halafu anasema hakuchukua. Alishona mahema. Katika mji wa watu wanaopanda ngazi, msomi kufanya kazi ya mikono mbele ya watu ilikuwa kushuka, na wenye nafasi hawakuipenda. Alishuka makusudi. Kwa hiyo anapomwambia mwenye ujuzi aachie kiti chake hekaluni, hasemi kama mtu asiyejua thamani ya kiti.

Na haki ni haki. Anayejinyima lazima kwanza iwe yake. Tukiwaambia waumini kwamba jambo halali ni haramu ili tu wasikwaze, tumewafundisha uongo, na tumewanyang'anya hata nafasi ya kupenda.

Sura ya 10 ndiyo yenye maelekezo ya siku kwa siku, na inagawa jambo kwa mahali. Hekaluni, hapana. Hapa Paulo hasemi tena habari za ndugu dhaifu peke yake. Anasema huwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani, hata kama wewe ni imara. Sokoni, nunua ule, usiulizeulize. Nyama haina dini ikishafika kwenye gogo la mwenye bucha, maana dunia ni mali ya Bwana na vyote viijazavyo. Nyumbani kwa asiyeamini aliyekualika, kula unachowekewa. Lakini mtu akikuambia, "hiki kimetolewa sadaka", usile. Si kwa ajili ya dhamiri yako, anasema, bali ya huyo aliyekuambia.

Napenda jinsi asivyofunga milango yote. Angeweza kuamuru wasile nyama kabisa, na kanisa lingekuwa salama na jeuri. Badala yake anawapeleka sokoni na kwenye nyumba za majirani, na anataka wawe macho kwa sauti moja tu, ya mtu aliye mezani pamoja nao.

Kwetu kisa hiki hakihitaji kutafsiriwa sana. Anayetoka kwenye ukoo unaotambika anajua nyama inayogawanywa siku hiyo, kila kipande na mwenyewe, na anajua kukataa fungu lako ni kujitoa kwenye ndugu. Wako wakristo wa miaka mingi wanaoketi pale kwa amani wakisema ni mila tu, haina kitu. Yawezekana kwao haina. Lakini mpwa wake aliyebatizwa Pasaka iliyopita, ambaye hadi juzi aliogopa mizimu ya nyumba ile kwa hofu ya kweli, anamtazama mjomba. Na pale ambapo kuna kumwaga pombe na kuita wahenga, Paulo angerudi kwenye sura ya 10 na kusema hapo si sokoni tena.

Liko na jambo la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Ndugu aliyekulia katika Uislamu anamwamini Kristo, na kabla mwaka haujaisha anakalishwa mezani na wenzake, sahani inasogezwa, na mtu anasema, kula tuone kama kweli umeokoka. Wanajua wanachosema kuhusu vyakula, Marko 7 iko wazi. Lakini yeye dhamiri yake bado inasema hapana, na wanaitumia imani yake changa kuivunja dhamiri hiyo. Hata akila na asidhurike tumbo, amefundishwa kitu kibaya: kwamba mkristo ni mtu anayeizima sauti ya ndani ili kuwapendeza watu. Siku sauti hiyo itakapomwambia asiibe, ataizima kwa ustadi uleule. Warumi 14 inasema lisilotoka katika imani ni dhambi, na naamini hii ndiyo sababu. Msogezee samaki, kaa naye, na mazungumzo ya vyakula yaje kwa wakati wake.

Na bia moja kwenye harusi. Wako wanaoinywa kwa shukrani, na makanisa yao hayawakatazi. Mimi siwezi kuwaita wenye dhambi. Ila meza ileile amekaa mtu aliyetoka kwenye ulevi kwa machozi ya mke wake, na kwake hakuna kitu kinachoitwa bia moja. Yeye hatakuja kukuambia amekwazwa. Anayekwazwa kweli mara nyingi hasemi, kwa kuwa anaona aibu ya udhaifu wake, au hajui kwamba anaanguka. Anayesema kwa sauti ni aliyeudhika. Kwa hiyo kungoja malalamiko ndipo tujirekebishe ni kungoja mtu asiyehitaji. Inatubidi tuwafahamu wenzetu: nani katoka wapi, nani anaogopa nini, nani ana miezi mingapi tangu aache. Jumuiya ndogo za nyumba kwa nyumba zinafaa hapa kuliko mahubiri kumi, kwa sababu ndiko historia za watu zinakojulikana.

Dhaifu naye si mtawala wa kanisa. Warumi 14 inaweka amri pande zote mbili: alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Kumwachia ndugu nafasi ya kukua si kumwachia dhamiri yake iwe katiba ya wote. Mtu akibaki miaka ishirini akisema yeye ni dhaifu kwa jambo lilelile, na udhaifu huo daima unawaamuru wengine, tumefika kwa wale wa Tito.

Shauri la nyama halikuisha na barua hii. Ufunuo wa Yohana unaikemea Pergamo na Thiatira kwa kula vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na Didake, mwongozo wa kale wa kanisa, unaonya vikali jambo hilohilo. Yapata mwaka 112 Plinio, liwali wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba nyama ya sadaka, iliyokuwa imekosa wanunuzi kwa sababu ya wakristo, ilikuwa imeanza kuuzwa tena.

Lakini mwaka ule wa 54 au 55 barua ilivuka bahari kutoka Efeso. Stefana, Fortunato na Akaiko walikuwa wamekwenda kwa Paulo kutoka Korintho, na yaelekea ndio walioirudisha. Barua hizo hazikusomwa chemba. Zilisomwa kwa sauti mbele ya wote, katika nyumba ya mtu, kanisa likiwa limekusanyika kwa chakula. Aliyekuwa akiegemea kitanda cha hekalu alikuwa chumbani. Aliyemwona kutoka mlangoni alikuwa chumbani. Msomaji alipofika kwenye maneno ya "ndugu ambaye kwa ajili yake Kristo alikufa", wale wawili walikuwa wanasikia sauti moja, na mkate ulikuwa haujamegwa bado.